Uzi: Kwa nini minyanya yangu hunyauka ikiwa bado kijani, tena udongo ukiwa umelowa?

#1 Baraza_la_Najjera

Habari zenu wanajukwaa. Nimepanga nyumba Najjera, hapa Kampala, na mbele ya mlango nina baraza la saruji linalotazama kaskazini. Juu yake nimepanga magunia tisa ya udongo, saba ya minyanya na mawili ya nakati, ile mboga ya majani. Mwaka jana nilipanda mwezi wa Machi na nikavuna hadi nikawagawia majirani. Mwanangu wa miaka sita, ambaye hadi wakati huo aliamini kwamba nyanya hutoka soko la Kalerwe kama vile maji yanavyotoka bombani, alikuwa akiamka kabla yangu ili akazihesabu. Nikapanda tena Septemba katika magunia yaleyale, na mwezi wa Novemba minyanya minne ikafa. Machi mwaka huu nimepanda kwa mara ya tatu, na sasa, mwezi wa Mei, mitano imekwenda.

Kifo chenyewe ni cha ajabu. Matunda yakishafikia ukubwa wa yai la njiwa, majani ya juu hulegea saa sita mchana na kusimama tena jioni. Siku ya tatu au ya nne hayasimami tena. Hayana madoa wala hayageuki manjano. Mmea hufa ukiwa kijani kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto. Ninamwagilia asubuhi na jioni, na mbolea ninayotumia ni samadi ya kuku kutoka kwa jirani. Nakati haijaguswa hata mara moja. Nisaidieni.

#2 Afande_Mstaafu (Jinja)

Kaka, minyanya hiyo unaiua kwa mapenzi. Gunia limekaa juu ya saruji, maji hayana pa kutokea, nawe unamwagilia mara mbili kwa siku katika mwezi ambao mvua yenyewe hainyamazi. Mzizi huhitaji hewa kama mtu. Ukizama, unashindwa kuvuta maji, na mmea hulegea kana kwamba una kiu, kisha mwenye bustani huona umelegea na kuuongezea maji. Nilipoteza bustani nzima kwa njia hiyo nilipostaafu, kwa sababu niliamini kwamba mmea unaotii ni ule unaonyweshwa kwa ratiba.

Inua magunia juu ya matofali na uyatoboe chini. Ukijaza upya, simamisha katikati mkebe uliotolewa kitako, ujaze kokoto, zungushia udongo, kisha uvute mkebe juu na kuujaza tena, hadi nguzo ya kokoto ifike kileleni. Hapo maji yatafika pande zote bila kutuama.

#3 Mwanakilimo_Kabanyolo

Ushauri wa Afande kuhusu matofali ni mzuri na uutekeleze leo, lakini maneno yaliyonishtua ni yale ya kwamba mmea hufa ukiwa kijani. Hiyo ndiyo sura ya mnyauko bakteria, unaosababishwa na kijidudu kiitwacho Ralstonia. Huishi udongoni, huingia kupitia majeraha madogo ya mizizi, kisha huziba mirija inayopandisha maji. Mmea unaozaa huhitaji maji mengi zaidi, ndiyo maana pigo huonekana wakati wa matunda. Msimu wa kwanza ulipona kwa kuwa vijidudu vilikuwa vichache. Wewe umewalisha nyanya misimu mitatu mfululizo katika udongo uleule.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Kata shina la mmea uliotoka kunyauka, karibu na udongo, upate kipande cha urefu wa kidole. Kining'inize katika bilauri ya maji safi, ncha ya chini ikigusa maji, wala usiitikise. Ukiona baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye kikonyo, ni yeye. Usinunue dawa ya kunyunyizia, kwa sababu hakuna itakayouponya mmea ulioshikwa.

#4 Mama_Shabani_Bombo

Mwanangu wa Najjera, kabla ya bilauri, tia mkono wako ndani ya gunia. Ukihisi joto, samadi hiyo bado ni mbichi. Samadi ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe na huunguza mizizi. Sisi huku Bombo huirundika chini ya majani ya migomba na kuigeuza kila baada ya wiki mbili, na hatuigusi kabla ya miezi mitatu. Mwaka 2020, tulipofungiwa majumbani na kila mtu akageuka kuwa mkulima, nilikosa subira nikaitia ikiwa mbichi, na sukuma yote ikakauka kingo za majani kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa.

#5 Mwanakilimo_Kabanyolo

Mama, shikamoo. Umeieleza dalili hiyo vizuri sana, na ndiyo inayonifanya nisite. Samadi mbichi huunguza kingo za majani, tena mara nyingi katika wiki za mwanzo. Ya ndugu yetu imengoja hadi matunda, na majani hayana hata alama.

#6 Mama_Shabani_Bombo

Marahaba. Lakini hajatuambia ni lini anaitia. Huenda anairudishia juu kila wiki, maana watu wa mjini hudhani samadi ni chumvi ya kunyunyizia mezani.

#7 Mwalimu_wa_Mbale

Niruhusiwe marekebisho mawili. Kwanza, Najjera haimo Kampala. Imo katika manispaa ya Kira, wilaya ya Wakiso, ingawa wapangaji wake wote huwaambia jamaa zao vijijini kwamba wanaishi Kampala. Pili, hakuna aliyelijali neno "kaskazini", ilhali sisi tunaoishi juu ya Ikweta tunapaswa kulijali kuliko wote. Kati ya mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri huwa upande wetu wa kaskazini. Miezi iliyobaki huhamia kusini. Baraza hilo lina jua wakati wa mavuno ya Juni, na kuanzia Oktoba hubaki chini ya kivuli cha paa lake lenyewe. Mnyanya wa kivulini huwa laini, udongo wake haukauki, na kila ugonjwa huukaribia.

#8 Afande_Mstaafu (Jinja)

Mwalimu, somo la jiografia limeeleweka, lakini umeeleza vifo vya Novemba tu. Mwezi huu wa Mei jua liko upande wake kaskazini, na minyanya mitano imekufa ikiota jua hilo.

#9 Mwalimu_wa_Mbale

Pingamizi limepokelewa. Hata hivyo mwezi wa Mei una mawingu mazito, na jua lililo nyuma ya wingu halihesabiwi kuwa jua.

#10 Kijana_wa_Kamwokya

Mimi nina matairi sita juu ya paa la saruji, na tatizo langu ni mwenye nyumba, ambaye hudai kwamba sheria ya jiji inakataza kilimo na kwamba mimea huleta mbu. Kuhusu minyanya, nadhani ni ule ugonjwa uliomaliza migomba ya babu yangu kule Mukono. Nao huanza kwa kunyauka, na ukikata shina hutoa usaha wa manjano.

#11 Mzee_wa_Kibuli

Kijana, mwenye nyumba wako amechelewa takribani miaka ishirini. Halmashauri ya jiji ilipitisha sheria ndogo za kilimo cha mjini ambazo zilichapishwa mwaka 2006, na badala ya kukikataza zilikitambua na kukiwekea masharti. Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala (KCCA), iliyochukua nafasi ya halmashauri hiyo mwaka 2011, ina kituo chake cha kilimo pale Kyanja, ambako wakaazi hujifunza haya haya ya magunia na kuku. Hata hivyo paa ni lake. Asipotaka matairi juu yake, hakuna sheria ndogo itakayokusaidia.

Hofu ya mbu ni ya tangu enzi za ukoloni, ambapo mabwana afya walifyeka mahindi mijini wakidai kwamba mbu huzaliana katika makwapa ya majani. Mbu wa malaria hupenda dimbwi, kwa hiyo mwenye nyumba na achungulie kwanza ndani ya matairi yako, maana tairi lisilotobolewa ni dimbwi zuri la mbu wa kila aina.

Sisi tuliokuwapo miaka ya 1970 tunakumbuka jinsi sukari na sabuni zilivyopotea madukani baada ya wafanyabiashara wa Kiasia kufukuzwa mwaka 1972, na mshahara wa mwezi ukawa haununui chakula cha wiki. Watu walipanda mihogo na viazi vitamu mbele ya nyumba zilizokuwa na nyasi za mapambo, hata kwenye vilima vya wakubwa. Hatukuiita bustani wala starehe. Leo mjukuu wangu hulipia udongo, na bado ninamwonea wivu, kwa sababu yeye huitazama mboga yake kwa furaha ambayo sisi hatukuwa na nafasi nayo.

#12 Mwanakilimo_Kabanyolo

Kijana, pole kwa migomba ya babu, lakini hayo ni maradhi mawili. Mnyauko wa migomba unaletwa na bakteria wa Xanthomonas, na ulitambuliwa nchini mwaka 2001 katika maeneo ya Mukono na Kayunga. Wadudu huubeba wanapozuru ua dume la mgomba, na panga huuhamisha kutoka shina hadi shina. Ndiyo maana tunashauri ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda badala ya kukatwa, na panga lipitishwe motoni. Hauhamii kwenye mnyanya. Jambo la panga pekee ndilo linalofanana, kwa hiyo nauliza: Baraza, unapogoa matawi kwa kisu kimoja kwa magunia yote?

#13 Dada_wa_Entebbe

Nyinyi mnalalamikia kijidudu kisichoonekana. Huku kwetu tumbili hushuka ukutani saa kumi na mbili unusu asubuhi, huchuma nyanya, huiuma mara moja, huitupa, kisha huchuma ya pili ili ahakikishe kwamba nayo haimpendezi. Nimebaki na bizari na mchaichai, ambavyo hawavitaki.

#14 Fundi_wa_Bomba (Makindye)

Mimi nauliza maji yanatoka wapi. Maji ya bomba yana klorini, na klorini huua vijidudu vyema vya udongoni. Yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha kabla ya kumwagilia.

#15 Mwanakilimo_Kabanyolo

Kiasi cha klorini kilichomo katika maji ya kunywa hakiui mnyanya. Kama kingekuwa kinaua, nakati ingekuwa ya kwanza kufa, kwani inakunywa maji hayohayo.

#16 Fundi_wa_Bomba (Makindye)

Sawa, klorini naiachia. Basi atazame mteremko wa baraza lake. Nimetengeneza mifereji katika nyumba za kupanga kwa miaka mingi, na karibu kila baraza ndilo sehemu ya kufulia. Maji ya sabuni na jiki hutiririka hadi ukingoni na kunyonywa na gunia lililokaa chini. Tuambie, kaka, ni magunia ya upande gani yaliyokufa?

#17 Jirani_kutoka_Bukavu (Nsambya)

Nami naomba kuuliza kuhusu udongo, kwa kuwa hakuna aliyeugusa. Nilipofika mjini hapa nilinunua gari zima la udongo mweusi, laini kama keki, nikapanda lengalenga, yaani mchicha, ambayo wenyeji huiita doodo. Ilistawi kwa namna iliyonitia shaka. Baadaye nilitambua kwamba udongo ulichimbwa bondeni, kando ya mfereji unaopokea maji machafu ya mji. Tangu hapo nanunua udongo mwekundu wa kilimani, ambao ni maskini na mgumu, nikauchanganya na mboji na makapi ya kahawa. Huenda minyanya ya ndugu yetu inanywa sumu.

#18 Mwanakilimo_Kabanyolo

Shaka yako ina msingi. Mfereji wa Nakivubo huteremsha maji ya mji hadi kwenye kinamasi kabla ya ghuba ya ziwa, na katika kinamasi hicho watu hulima mayuni, yaani magimbi. Watafiti wamepima mboga za maeneo hayo na za kandokando ya barabara kuu, wakakuta madini yenye sumu, risasi na kadimi. Petroli yenye risasi iliondolewa katika eneo letu la Afrika kufikia mwaka 2006, lakini risasi iliyokwisha kuingia udongoni haiondoki. Mboga za majani huikusanya kuliko matunda kama nyanya, na kuosha huondoa vumbi la juu tu. Kwa hiyo hofu hiyo ningeielekeza kwenye nakati yake inayostawi, si kwenye minyanya yake inayokufa, kwani madini hayo humdhuru mlaji bila mmea kuonyesha dalili ya kunyauka ghafla hivyo.

#19 Mama_Shabani_Bombo

Basi mmemharibia hata nakati.

#20 Baraza_la_Najjera

Ahsanteni, na Mwalimu, nakiri kwamba ninaishi Wakiso. Sasa majibu. Udongo ulitoka kilimani, kwenye msingi wa nyumba iliyokuwa ikijengwa. Samadi naitia kila baada ya wiki mbili, ikiwa na umri ambao sikuwahi kuuliza. Kisu ni kimoja, kile cha jikoni, jambo ambalo mke wangu amelifahamu leo kupitia uzi huu. Vifo vilianzia upande wa mfereji, ambako kwa kweli ndiko tunakofulia, lakini mmea wa tano ulikuwa mwisho wa upande wa pili. Na mwingine, niliokuwa nimeupanda ndani ya ndoo yenye udongo mpya, umekufa pia.

Nimefanya kipimo cha bilauri kwa mimea miwili. Katika bilauri ya kwanza niliona kitu kama moshi mweupe ukishuka. Katika ya pili sikuona kitu, ila mwanangu aliinua bilauri ili aone vizuri zaidi, kwa hiyo sijui kama imeharibika. Nilipong'oa mizizi nikakuta vifundo vidogo vidogo, kama shanga, kwenye mmea wa kwanza na hata kwenye ule wa pili.

#21 Mwanakilimo_Kabanyolo

Moshi mweupe unanitosha kwa mmea wa kwanza. Vifundo ni kazi ya minyoo fundo, ambao hutoboa mizizi na kwa hivyo huwafungulia bakteria mlango. Huenda tuna wahalifu wawili wanaoshirikiana. Hata ndoo yenye udongo mpya inaweza kuwa imeambukizwa kwa kisu, kwa matone yanayoruka wakati wa mvua, au kwa miche yenyewe, ikiwa ilikuzwa katika kitalu chenye ugonjwa. Miche ulinunua wapi?

#22 Baraza_la_Najjera

Kando ya barabara, kwa kijana anayeiuza ikiwa imefungwa kwa kamba ya mgomba. Mwaka jana nilikuza mwenyewe kutoka mbegu.

#23 Afande_Mstaafu (Jinja)

Hapo sasa. Tumejadili jua, klorini na mfereji, kumbe adui aliingia kambini akiwa amefungwa kamba. Hata hivyo sijaondoa hoja yangu. Mmea wa pili haukutoa moshi, na mizizi iliyozama nayo huoza na kunyauka.

#24 Mzee_wa_Kibuli

Na nakati? Kama bakteria ni wa ukoo mzima wa nyanya na biringanya, nakati ni binamu yao wa karibu, iko kwenye baraza lilelile na chini ya kisu kilekile. Mbona inacheka?

#25 Mwanakilimo_Kabanyolo

Mzee, hilo ndilo swali gumu kuliko yote humu, na nina majibu mawili ambayo hayaniridhishi. Nakati huvunwa ndani ya wiki nane hivi, kabla haijazaa, kwa hiyo huenda huondoka kabla ugonjwa haujajitokeza. Pia mbegu hutofautiana kwa ustahimilivu. Huko mashambani baadhi ya wakulima hubebesha mche wa nyanya juu ya shina la jamaa yake wa mwituni, kama zile entengotengo zenye miiba, ili upate mizizi migumu. Baraza hana haja ya kufika huko. Atupe udongo wa magunia ya minyanya mbali na bustani, apande maharagwe, vitunguu au sukuma kwa misimu kadhaa, na akitaka nyanya atafute mbegu ya MT 56, inayojulikana kwa kustahimili mnyauko bakteria, aikuze mwenyewe katika udongo uliochemshwa kwa mvuke.

#26 Kijana_wa_Kamwokya

Misimu kadhaa bila nyanya? Na rolex, chapati yetu ya mayai na nyanya, tutaikunja na nini?

#27 Jirani_kutoka_Bukavu (Nsambya)

Na udongo huo anautupa wapi? Akiumwaga mferejini, utashuka hadi kwa mkulima wa bondeni, naye atakuja kuanzisha uzi wake hapa.

#28 Fundi_wa_Bomba (Makindye)

Atandaze juani juu ya karatasi ya plastiki, aufunike kwa nailoni angavu wiki sita. Nimeona watu wakifanya hivyo Ggaba.

#29 Mwalimu_wa_Mbale

Juani, katika baraza linalotazama kaskazini, ilhali jua litaanza kurudi kusini baada ya Juni. Aharakishe.

#30 Baraza_la_Najjera

Narejea baada ya wiki saba. Magunia yako juu ya matofali, kamba ya kufulia imehamishiwa nyuma ya nyumba, nimenunua kisu changu, na samadi ya jirani imelala chini ya majani ya migomba kwa amri ya Mama Shabani. Magunia matano yana maharagwe, ambayo mwanangu huyadharau kwa kuwa hayahesabiki vizuri. Nakati bado tunaila, ingawa mke wangu huitazama kwa jicho la pili tangu lile chapisho la #18. Nilishindwa kujizuia, nikapanda minyanya miwili ya mbegu yangu mwenyewe katika ndoo mpya, kwa udongo mpya, nikamwagilia mara moja tu kwa siku. Ina maua. Leo saa sita mchana jani moja la juu la mnyanya wa kushoto lilikuwa limelegea. Sasa ni saa moja jioni na limesimama.

#31 Afande_Mstaafu (Jinja)

Uliunywesha saa ngapi?

#32 Mama_Shabani_Bombo

Usimjibu Afande. Chimbua kwanza kidogo utazame mizizi, taratibu, kwa kidole.

#33 Mwanakilimo_Kabanyolo

Tafadhali usiichimbue, Mama, utaijeruhi. Kaka, hesabu siku tatu, kisha utuandikie.